Dairekta Chande Apima Sauti

Chande wa Kona ya Musa hakuwa mpiga picha, la hasha. Ukimwita mpiga picha hununa. Yeye alikuwa Dairekta, mrusha shughuli moja kwa moja mtandaoni: mikutano ya hoteli za Diani, maduka yanapofunguliwa, harusi, hata maziko. Kwenye maziko fulani huko Kombani aliwaomba wafiwa walie upya kwa sababu mtandao ulikatika. Nao wakalia, sijui kwa adabu au kwa woga.

Mkewe, Mwanatumu, alipewa kazi ya kutazama kila alichorusha na kutuma makopa mekundu ya mapenzi, ili watazamaji wasionekane haba. Nafasi ya kuzungumza naye bila kamera Chande hakuwa nayo. Mwanamke alikuwa amechoka. Aliomba talaka, akaambiwa hapati ng'o.

Basi ikaja harusi ya Twaiba, Msambweni. Jamaa wa bibi arusi walioko Maskati walishafungua simu zao kutazama, na bwana arusi, Abdulaziz, bado yuko njiani. Chande akajitupa mkekani, mahali pa bwana arusi, akamshika mkono Mzee Mbwana, baba wa bibi arusi.

"Mzee wangu, hebu nioze mimi kidogo, tupime sauti."

Kidogo! Mzee naye, kichwa kimemvimba kwa kuonekana Maskati, akatamka barabara: "Nimekuoza binti yangu Twaiba kwa mahari tuliyopatana."

"Nimekubali kumuoa," Chande akajibu, tena kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Wanaume wote wakacheka.

Sheikh, aliyekuwa nje akitia udhu, akaingia mbio.

"Subhanallah! Hamjui kwamba nikaha haina mzaha? Walii ametamka, mume amekubali, mashahidi hawa hapa. Twaiba sasa ni mke wa Chande!"

Ndani, Twaiba aliangua kilio hadi wanja ukamchuruzika. Na Chande? Chande alikuwa akichungulia idadi ya watazamaji inavyopanda. Mtu wa namna hii mimi simwonei huruma.

"Mwache sasa hivi, tupate kumwoza kwa mwenyewe," sheikh akaamuru.

Dairekta akaikung'uta kanzu, akaikabili kamera kama ilivyo desturi yake, akasema kwa madaha: "Mke wangu, nimekuacha."

"Mtaje jina!" sheikh akafoka.

Akarudia, akamtaja Twaiba. Abdulaziz alipofika akaozwa, pilau ikaliwa, watu wakatawanyika salama. Lakini kule nyumbani Mwanatumu alikuwa ameisikia ile talaka ya kwanza, mumewe akimtazama machoni, akaizima simu kabla ya kuja ya pili.

Chande aliporudi alikuta nyumba nyeupe, mke hayupo. Akampigia simu kwao.

"Mwanatumu, jamani, ile talaka haikuwa yako!"

"Nikaha haina mzaha, na talaka vilevile. Sheikh wenu hakuwaambia?" akajibu. "Mimi niko edani, kaka Chande. Mwanamume wa kando hanipigii simu."