Risiti Ndani ya Soksi

Kila ninapokaanga ndagala, dagaa wa ziwani, hadi wakauke, kwa chumvi na pilipili, mkono wangu hutafuta kopo lenye kifuniko.

Mama alikuwa akiwajaza kwenye kopo la maziwa ya unga, zawadi ya kumpelekea kaka yangu aliyekuwa askari vitani, mkuu wa nyumba kumi alipoingia uani kwetu, mtaa wa Musaga, na kitabu cha risiti.

"Mama, muchango ya vita."

"Mutoto wangu nitamulisha mi mwenyewe, shefu. Mupelekee hii kopo. Lakini vita yenu, apana. Sitoi kitu."

"Unapenda askari, unakataa vita?"

"Mbele ya kuianza, mulikuja kuniuliza?"

Mkuu alicheka, akafungua daftari. "Sawa. Nimeandika jina yako."

Muuza mkaa wa jirani alikuwa ameandikwa vilevile, akachukuliwa usiku, na mlango wake ulikuwa bado na kufuli.

Mkuu alipotoka na kopo, nilichukua pesa za madaftari yangu ya shule, nikamkimbilia hadi kwenye kona, nikamlipa mchango. Alikata risiti kwa jina la mama. "We una akili kumupita," akasema.

Hakuna aliyekuja kwetu. Mama akawatambia wenzake sokoni: "Ukiwaambia ukweli bila kuogopa, hawakugusi."

Wiki iliyofuata, nikiwa uani, nilimsikia jirani yetu mwenye watoto wawili, mwenzake mama wa sokoni, akimjibu mkuu maneno yaleyale ya mama. Risiti ilikuwa ndani ya soksi yangu, imelowa jasho. Nilisikia daftari likifunguliwa, nikanyamaza.