Koti Alilolipunguza Kawira

Kawira hakuweza kuona nguo iliyoshonwa vibaya akanyamaza. Wallahi hakuweza. Asubuhi kwenye basi la kampuni, tukitoka Abu Hamour kwenda kazini, mtu akikaa mbele yetu na kola iliyopinda, Kawira atamwinamia shingoni: "Hii kola ilishonwa na nani? Alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Mimi namfinya paja anyamaze, yeye ananisukuma mkono. Tumegombana mara ngapi kwa ajili ya kola za watu! Leo nimetulia zangu Kisauni, basi lile sijalipanda miaka, na katika yote niliyoyaacha Doha ninachokitamani zaidi ni mdomo wa mwanamke yule wa Meru.

Tulifanya kazi pamoja kwenye hoteli moja Al Sadd, kuanzia elfu mbili na saba. Chumba chetu kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina hata dirisha. Mimi mpiga pasi, yeye fundi cherehani. Sare zote za hoteli zilipita mikononi mwetu, na nguo ya mgeni ikichanika iliteremshwa kwake na kikaratasi kimebanwa kwa pini. Huko nje jua linayeyusha lami, na sisi chini tunavaa sweta kwa sababu ya AC. Nikiwaambia wanangu kwamba baridi kali kuliko zote nilizowahi kuzisikia ni ya Qatar, wananicheka mpaka wanakaa chini.

Kawira alikuwa na binti kwao Nkubu, Karimi, aliyemwacha akiwa na miezi tisa. Alimwachia mama yake mzazi, na jina la mtoto ni la bibi huyo huyo. Kwa hiyo kwenye simu Kawira alimwita binti yake "mama". "Mama, umekula? Mama, unakohoa?" Mwanzoni nilidhani anaongea na mamake kweli, mpaka siku niliposikia akisema, "Mama, nimeambiwa unakula udongo." Nilicheka, pasi nusura iunguze suruali ya mpishi. Picha ya Karimi aliibandika kwenye cherehani, pale jicho linapoangukia kabla ya sindano. Kila mwaka alisema mwakani narudi. Sote tulisema hivyo.

Sasa koti. Ilikuwa elfu mbili na tisa, Jumapili, joto limeshaanza. Likateremshwa koti jeupe la pamba nzito, pindo limezungushiwa utepe mwekundu na wa buluu. Kikaratasi kilisema: mshono wa kwapa la kushoto umefumuka. Basi, hayo tu.

Kawira akalitundika, akalizunguka mara mbili.

"Hadijah, kuja uone maajabu. Mbele fupi, nyuma ndefu kama mkia. Mabega imeanguka. Hii kofia ni ya vichwa viwili. Na hapa mgongoni, ona kitambaa yote imebaki inaning'inia! Huyu fundi hakuwa anajua kupima mtu."

"Umeandikiwa kwapa," nikamwambia. "Shona kwapa, shoga, tuendelee na maisha."

"Siwezi rudisha nguo ikiwa hivi. Huyo mama ataivaa aje? Si watu watamcheka?"

Na mwenzenu sina la kujitetea, maana aliponiuliza kama mgongo ukipunguzwa utapendeza, nilisema utapendeza sana. Akafumua mgongo. Akakata vipande viwili vipana, akabana mabega, akaunga upya. Alifanya kwa roho safi, hakuambiwa wala hakulipwa, kama mtu anayekufunga kamba ya kiatu njiani. Mkia nao aliukusudia, ila saa ya basi ikafika. Jumatatu mimi nikalipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. "Mashallah," nikasema, "sasa limekuwa koti."

Jumanne asubuhi akaingia mwanamke mfupi, uso wa mviringo, nywele nyeusi zimenyooka, kavaa jinzi na fulana ya kijivu, kashika kitoto kichanga. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikamwona Mfilipino wa idara ya usafi.

"Dada, sare mpya ni kesho," nikamwambia kwa Kiingereza changu.

"Mimi ni mgeni wa ghorofa ya sita," akasema polepole. "Naitwa Hannah. Nimefuata koti langu."

Macho yake yalikuwa yamevimba. Kawira akampa kiti, naye akatueleza, akimbembeleza mtoto. Ametoka kaskazini kabisa ya Kanada, kwenye kisiwa cha barafu; yeye ni Mwinuit, kabila la wenyeji wa huko. Mumewe anafundisha chuoni, wanakaa hotelini wakisubiri nyumba. Mama yake alimshonea koti lile akalituma kwa posta mtoto alipozaliwa. Jana wamempigia simu: mama amefariki. Alhamisi anapanda ndege kwenda kuzika, na anataka kushuka kule kwao na mtoto akiwa ndani ya koti la bibi yake. Hilo ndilo lililobaki la kumfanyia mama.

Tukampa pole. Kawira akalitoa koti, akalishika mabegani alivyozoea kuwaonyesha wateja, na mimi nilimwona anavyozuia tabasamu kwa sababu ya msiba.

Hannah akaligeuza. Akaingiza mkono ndani ya mgongo, taratibu, mkono ukashuka kidogo ukagota. Akautoa, akauingiza tena.

"Mtoto atakaa wapi?" akauliza.

Jamani. Ule mgongo ulioning'inia ulikuwa ndio kitanda cha mtoto. Anakaa humo ndani, tumbo lake kwenye mgongo wa mama, na ile kofia ya vichwa viwili ni ya vichwa viwili kweli, cha mama na cha mwana. Mabega ni mapana ili mama amzungushe mtoto mbele anyonye, asiguswe na upepo. Koti kama lile wao huliita amauti. Na sisi! Sisi tuliobebwa migongoni sote, tukabeba na wadogo zetu, hatukufikiri. Tulizoea mtoto afungwe kwa leso juu ya nguo. Kwamba nguo yenyewe ina chumba cha mtoto, hilo halikutupitia kichwani.

Kawira akapiga magoti sakafuni. Yeye, mwenye mdomo ule!

"Ni mimi nilikata, madam. Hakuna mtu alinituma."

Hannah hakupiga kelele. Alikaa juu ya kapu la taulo akamfunika mtoto uso kwa kiganja chake. Kawira aliniambia baadaye kwamba angetukanwa angepata nafuu.

"Utaweza kulirudisha?" Hannah akauliza.

"Sijui, madam. Nitajaribu. Kesho saa tisa kabla tutoke."

Hannah alipopanda juu, tukavamia mfuko wa makombo ya nguo. Mtupu! Makombo yote huenda kwa Dedan, mtu wa usafi, ayafanye matambara. Nilipanda ngazi zile mbio, mimi na magoti yangu haya. Dedan nilimkuta kwenye lifti anang'arisha shaba, na anang'arishia nini? Kipande cha koti. Nilimpokonya kama mwizi. Cha pili kilikuwa bado kimekunjwa kwenye toroli lake, namshukuru Mungu. Kile cha shaba tulikifua mara tano, tukakisugua kwa ndimu na chumvi. Doa likapungua, likabaki kivuli cha kijivu ukubwa wa sahani ya kikombe.

Jumatano asubuhi Hannah akarudi na kompyuta yake ili Kawira aone koti linavyokaa mtu akilivaa. Akafungua picha moja baada ya nyingine, na mimi nikaacha pasi yangu ikapoa. Nilitarajia manyoya ya dubu toka mwanzo hadi mwisho, nikamwambia hivyo.

"Na wewe kwenu mnavaa ngozi ya simba?" akaniuliza. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka, na mimi nikastahili.

Picha ya kwanza ni mama yake akitoka dukani: suruali ya mazoezi, kofia ya timu ya mpira, na miguuni viatu vya ngozi ya sili, mnyama wa bahari ya barafu, alivyoshona mwenyewe. Vijana wa kijijini wanavaa sweta za kofia na raba kama vijana wa popote. Ngozi ya karibu, ile nzito, ni ya wanaotoka kuwinda, maana dukani hakuna koti linaloishinda. "Karibu ni mnyama kama kongoni, mwenye pembe za matawi," akanieleza alipoona nimekodoa macho. Kisha akatuonyesha wanawake wa upande wa magharibi mwa kwao, vifua vyao vimejaa shanga. Wa mbali zaidi huko huko magharibi wanavaa makoti ya kitambaa cha maua yenye marinda pindoni, utadhani wanakwenda kanisani Pasaka, na mtoto wanamshika kwa mkanda. Wa Greenland kwenye sherehe zao wana kola ya shanga iliyofunika mabega yote, na mabuti marefu mpaka mapajani.

"Kwa hiyo ukimwona mtu kwa mbali unajua ametoka wapi?" Kawira akauliza.

"Kwa pindo tu najua. Na nikisogea karibu, kwa mshono, najua ni wa familia ya nani."

Hapo nikaelewa. Mgeni akija Doha huona kanzu nyeupe na abaya nyeusi, akadhani wote wamoja. Sisi tuliopiga pasi kanzu zile tulijua: ya Mqatari ina kola ya kusimama, ya Mwemirati haina kola na ina kishada kirefu, cha Mwomani ni kifupi na kinakaa pembeni. Muda wote ule ninazisoma nguo za watu, na koti lile moja nililipiga pasi bila kulisoma.

Kawira hakusikia falsafa zangu. Alikuwa amelifumua koti, amewasha taa ya mezani, uso karibu uguse kitambaa. "Hadijah, ona," akanong'ona. Kwenye vile vipande, na kwenye koti lenyewe, matundu ya sindano ya yule bibi yalikuwa bado yapo, madogo, yamepangana. Mama mtu alishona kwa mkono. Kawira akaiacha cherehani, akachukua sindano, akaanza kupita tundu kwa tundu pale alipopita marehemu. Pale mkasi ulipokata hapakuwa na tundu la kufuata, hapo akaunga kwa mshono wake mwenyewe, mshono bapa wa kukunja mara mbili, aliofundishwa na mama yake Nkubu. Mdomo ule toka hapo haukusema neno. Niliogopa, wallahi, nikafikiri ameugua.

Saa tisa kasorobo Hannah akaja na mtoto. Kawira akamwonyesha pale penye kiungo na pale penye doa. "Hapa haijaisha vizuri, madam. Sitakudanganya."

Hannah akapapasa. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia. "Livae wewe. Kwetu fundi hulijaribu kwa uzito wa mtoto."

"Mimi?"

"Wewe."

Kawira akalivaa juu ya sare yake. Hannah akamwinamisha, akamtelezesha mtoto mgongoni, akamfunga kamba ya kiunoni. Kitoto kikalia kidogo. Kawira akasimama wima, na mwili wake, bila kuuambia, ukaanza kule kuyumba tunakokujua sote, mguu huu, mguu ule. Kitoto kikanyamaza.

"Anaitwa nani?" Kawira akauliza.

"Tangu jana ana jina la marehemu. Kwetu huwa tunafanya hivyo, na mimi sasa nitamwita mama." Hannah akashika pindo la koti. "Umembeba mama yangu."

Kawira akageukia cherehani, pale ilipo picha ya Karimi. Alilia kilio ambacho miaka miwili sikuwahi kukisikia kwake, hata usiposikia sauti ungeona mabega. Lakini kuyumba hakuacha. "Nilikuwa nimesahau uzito wake," akasema. "Hadijah, nimesahau vile mtoto ni mzito." Basi la kampuni likapiga honi, likapiga tena, likaondoka. Hatukulijali.

Hannah alikwenda, akazika, akarudi baada ya wiki tano. Siku aliyorudi alishuka moja kwa moja kwetu, hata sanduku hajafungua. Alisema mama yake mdogo, ambaye sasa ndiye mshonaji mkubwa wa familia, alilikagua koti pale pale uwanja wa ndege, kwanza kabla ya salamu. Akapita kwa kidole gumba mshono wote. Alipofika kwenye kile kiungo akasimama, akauliza, huu mshono ni wa wapi, siujui.

"Nikamwambia ni wa Meru," Hannah akasema.

"Akasema nini?" Kawira akauliza. Alikuwa amekaa na sindano mdomoni, mikono imelala tu mapajani.

"Akasema mwambie fundi wa Meru kwamba mtoto alifika amelala."

Kawira akaitoa ile sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kimto cha sindano. Akapanda juu kwa msimamizi wetu, akamwuliza fomu za kurudi nyumbani zinachukuliwa wapi.