Nilimtemea Mate Mtoto wa Watu Nikijidai Nambariki

Jamani, nichekeni kwanza, halafu ndiyo mnitukane. Mimi ndiye yule mjinga niliyemtemea mate mtoto mgonjwa wa watu, tena nikiwa na bunduki begani!

Mimi ni Mwarusha wa Oldonyo Sambu, kule Arusha. Nilikuwa askari, tukapelekwa nchi ya jirani yenye vita. Sisi tulijiita walinzi wa amani. Wenyeji walituona wavamizi tu. Tukipita sokoni, akina mama wanafunika vikapu, watoto wanaingizwa ndani. Salamu? Thubutu!

Kambini tulikuwa na daktari, lakini raia walimkimbia. Walisema tunadunga watu sumu. Basi siku moja nikiwa zamu getini, akaja mama mmoja, binti tu, mtoto mgongoni anachemka homa. Wa kwanza kuja! Nikajisemea, huyu nikimpokea vizuri, kesho watakuja wote.

Sasa kwetu, mzee akimbariki mtoto humtemea mate kidogo kichwani. Nimesema mzee! Mimi hata ndevu zilikuwa za kutafuta. Ila nilikuwa nimepata ukoplo juzijuzi, kichwa kimevimba, nikajiona mkuu wa boma. Nikamshika mtoto utosini, nikakohoa kama babu yangu, nikatema. Tfu!

Weee! Yule mama alipiga yowe kambi nzima ikasikia. "Mashamba yetu mumekalia, sasa munatutemea na mate!"

Wenzangu wakaanguka kwa kicheko. Na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Ningesema tu, "Nisamehe dada, kwetu hii ni baraka," angenielewa, maana Kiswahili tulisikilizana. Lakini koplo mzima aombe radhi mbele ya vijana wake? Nikamkaripia: "Toka hapa! Huna shukrani wewe!" Bunduki nikaileta mbele, eti niheshimike. Loo, shujaa! Shujaa wa kumtisha mama mwenye mtoto mgonjwa!

Akakimbia, mtoto analialia mgongoni. Hema la daktari lilikuwa pale pale nyuma yangu.

Hakurudi, na hakuja mwingine. Nilimtafuta sokoni na boksi la biskuti mkononi, zuzu mimi, watu wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe.

Siku hizi niko Kijenge, Arusha mjini, jeshi niliacha, nina watoto. Babu aliposhuka mjini kumbariki mtoto wetu wa mwisho, nilitoka nje nikajifanya napokea simu. Mke wangu anadhani nimeokoka kupita kiasi, sitaki mila. Namwacha adhani hivyo. Nimwambie nini?

Ndugu zangu mnaovaa sare, na hata nyie mliopewa kacheo ka ofisini, sikieni. Ukimkosea mtu anayekuogopa, omba radhi hapo hapo, wenzako wacheke mpaka wachoke. Wangu walinicheka hadi chakula cha mchana, wakasahau. Mtoto yule alikuwa na homa kali, na mimi mpaka leo sijui kama alipona.