Paka Mweupe wa Runazi

Wakati wa vita vya Kagera, kijijini Runazi kila kitu cheupe kilikuwa na kesi. Mabati tuliyafunika nyasi na shuka tukaanika ndani, ndege za adui zisituone.

Nilikuwa ofisi ya kijiji nangoja kibali cha kusafiri. Mgambo akaingia amekumbatia paka mweupe, macho ya buluu. Bibi mwenye paka alimfuata nyuma.

"Huyu anaonekana toka angani," mgambo akasema. "Na nimemwita mara tatu, hata kugeuka hageuki. Kiburi!"

Bwana mifugo, aliyekuwa ameketi mezani, akapiga makofi nyuma ya paka. Sikio halikutikisika.

"Si kiburi, ni kiziwi. Na si albino. Weupe huu amerithi kwa wazazi wake, na paka weupe kama huyu wenye macho ya buluu, wengi hawasikii."

"Wenye baiskeli wanamjua," bibi akasema. "Wakimwona wanampisha."

"Amri ni amri," mgambo akajibu. Akachukua sufuria ya chai, akampaka paka masizi mpaka mkiani.

Nilipotoka na kibali changu, lori la jeshi lilikuwa limesimama barabarani. Dereva alichuchumaa mbele ya bibi, kofia mkononi.

"Nisamehe, bibi. Nilipiga honi hakusogea, nikajua ni kipande cha tairi. Angekuwa mweupe ningemwona."

Bibi alimpangusa paka wake kwa kanga mpaka weupe ukarudi, ndipo akamzika.

Ndege ya adui? Mpaka vita vinakwisha, sikuiona hata moja.