Saa ambazo ndege imesimama

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyotoka Mabatini bila kujua naenda wapi. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, leseni ya lori ninayo mfukoni, na watu wawili wa Kirumba walikuwa wakingoja jibu langu. Bwana Masalu alikuwa na lori jipya la kubebea dagaa, na malipo makubwa kwa kila safari. Mama Zuhura naye wa dagaa alikuwa na lori kuukuu, na kwa safari alitoa pungufu kabisa. Jioni ile nilitakiwa kusema nimemchagua nani. Moyoni nilishamchagua Masalu. Nilikuwa natembea tu ili nijisikie tajiri.

Miguu ilinifikisha Ilemela, karibu na uwanja wa ndege, na mvua kubwa ikanikimbizia kwenye banda la mama ntilie. Punde wakaingia marubani wawili, mabega yameloa: kapteni, mwanamke wa makamo, na msaidizi wake kijana, Kelvin. Safari yao ilikuwa imefutwa kwa sababu ya mvua hiyo, nao walikuwa wakingoja gari la hoteli. Mimi kwa udadisi wangu, ugonjwa ambao sijapona hadi leo, nikasogeza kiti.

"Shikamoo, kapteni."

"Marahaba. Sogea ndani, mdogo wangu, usiloe."

Kelvin hakuwa na muda nami. Kampuni nyingine ilikuwa imemwita kapteni wake, kwa malipo ya saa yanayozidi ya kwao kwa mbali sana, naye amekataa.

"Kapteni, unakataa pesa! Ningekuwa mimi, ningehama jana."

"Hiyo saa yao inaanza lini?"

"Ndege ikiondoka maegeshoni."

"Inaisha?"

"Ikifika na kusimama."

"Haya. Sasa hivi ndege iko wapi?"

Kelvin akatazama nje. Mama ntilie akamjibia: "Imekaa kama wewe, inangoja chapati."

Kapteni alicheka mpaka chai ikamwagika, kisha akaeleza taratibu, akinigeukia na mimi kana kwamba nilikuwa mwenzao. Kwao malipo ya saa yalikuwa madogo, lakini kila mwezi alihesabiwa saa za uhakika hata asiporuka. Safari ikifutwa, analipwa. Siku anayoshinda nyumbani akingoja kuitwa, analipwa. Akilala ugenini, chumba na chakula si juu yake. Kule kwingine hayo yote hayakuwamo.

"Saa yao ni nzuri sana," akasema, "ila mvua ikinyesha haipo."

Watu humsifu rubani kwa kupaa. Mimi nilimsifu kapteni yule kwa kujua thamani yake akiwa chini, na heshima hiyo bado ninayo.

Akaniuliza kazi yangu, nikamweleza kuhusu malori mawili ya dagaa. "Na lori likisimama," akasema, "inakuwaje?"

Sikuwa nimeuliza. Na dagaa wasipopata jua hawakauki, magunia hayajai, lori linakaa.

Mvua ilipokatika nilikwenda moja kwa moja Kirumba kuwauliza wote wawili swali hilo. Masalu akanishangaa: "Nakulipa kuendesha, kijana. Kulala sikulipi!" Mama Zuhura hakushangaa. "Siku ya kungoja mzigo ina posho yake," akasema, "na ukilala njiani, kitanda ni juu yangu." Nikamshika mkono.

Ndiyo maana, mwanangu, unapoitwa kazini na kutajiwa malipo ya saa, ya siku au ya safari, furahi, lakini usisimame hapo. Uliza saa inaanzia wapi na inaishia wapi. Uliza kazi ikikwama bila kosa lako, hasara ni ya nani. Wasiokujibu hilo, wamekujibu.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Musoma, mji nisioujua. Niliingia jioni, mvua inanyesha, dagaa wamefunikwa maturubai, hakuna cha kupakia. Mbele ya nyumba ya wageni lilisimama lori jipya la Masalu, dereva wake amejikunja kitini, miguu dirishani. Nikamgongea, nikamwambia aje tunywe chai.

Mhudumu akatokea na ufunguo. "Wewe ndiye wa Mama Zuhura? Chumba chako kipo. Maji ya moto nakuletea."

Mungu akujalie, mwanangu, kila mji mgeni utakaouingia na mvua, ukute kuna aliyekuwekea chumba.