Askari Aliyepona kwa Mdomo wa Kasuku

Watu walimwita Kasuku, na jina hilo hakulichukia, maana mdomo ndio uliomlisha. Kazi yake ilikuwa kutafsiri picha. Katika ukumbi wa video uliokuwa nyuma ya bucha, wenye mabenchi ya mbao na pazia zito mlangoni, aliketi kando ya skrini na kipaza sauti mkononi, akawageuzia watu maneno ya kigeni yakawa maneno yao. Lugha yenyewe aliiokota hotelini alikokuwa akifanya usafi, kwa hiyo ilikuwa na matundu. Alipokwama alijaza kwa akili yake. Siku moja mzee mmoja kwenye picha alihutubia mpaka jasho likamtoka, na Kasuku, ambaye hakuwa ameambulia kitu, akasema, "Kwa kifupi, anakataa." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hakuna aliyedai maelezo zaidi.

Aliishi na mama yake, mjane ambaye macho yalikuwa yamemfifia mpaka akabaki kutofautisha mwanga na giza tu. Kila diski mpya Kasuku aliipitisha kwanza nyumbani, kwenye televisheni ndogo ya sebuleni, akijaribu maneno, huku mama akimenya vitunguu na kuwagombeza waigizaji.

"Mwambie huyo mpumbavu asifungue mlango!"

"Mama, hanisikii."

"Sasa kipaza sauti unakibeba cha nini?"

Mama alikuwa na mtoto mwingine, wa kwanza. Huyo alichukuliwa vitani Kasuku akiwa bado anaogeshwa kwenye beseni. Vita vilipokwisha, wenzake walirudi, wengine kwa miguu yao, wengine ndani ya masanduku. Yeye hakurudi kwa namna yoyote. Jeshi lilisema hajulikani alipo. Majirani walipokuja kutoa pole, mama aliwazuia mlangoni. "Mnampa pole nani? Mwanangu yuko safarini." Tangu hapo hakuna aliyethubutu kutamka neno marehemu ndani ya nyumba ile. Hata Kasuku alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu zake, aliumeza ulimi.

Mwaka mmoja ukumbi ulishikwa na tamthilia moja ya kubuni, ya watu waliokuwa na mashine ya kuwarudisha nyakati zilizopita. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mrefu, mkali, ambaye Kasuku alimpa jina la Mhandisi. Katika kila sehemu ya tamthilia walitua zama nyingine, wakapata matatizo, wakachomoka. Mama aliipenda kupita kiasi. "Hao ndio watu," alikuwa akisema. "Wakimpoteza mtu, wanakwenda kumtafuta."

Diski ya sehemu ya vita ilichelewa. Ilifika mchana uleule wa kuonyeshwa, watu wakiwa wameshajaa. Mama aliposikia kwamba safari hii hakuna kupitishiwa nyumbani, alitafuta viatu vyake kwa miguu, akavivaa. "Nishike mkono. Nitaifuata hukohuko."

Mwenye bucha, jitu la watu lenye sauti ya kupasua ngoma za masikio, ndiye aliyekuwa pia mwenye ukumbi. Alimkalisha mama benchi la mbele, akamwekea mto mgongoni. Taa zikazimwa.

Kasuku alianza bila kujua anakokwenda. Mhandisi aliirudisha mashine mpaka miaka ya vita, kumfuata kaka yake aliyekuwa askari na ambaye hakuonekana tena. Kasuku alipoyatamka maneno hayo alimtupia mama jicho, lakini picha haimsubiri mtu. Walitua kwenye shamba lililochomwa. Mhandisi akatambaa matopeni, akauliza huku na huku, akamkuta kaka yake handakini, kijana mwembamba aliyekuwa akigawana mkate na mwenzake. "Dada! Umefikaje hapa?" akasema Kasuku kwa sauti ya kijana yule. Mama alishika ukingo wa benchi.

Wakatoka mbio kuelekea kwenye mashine. Mlango ulikuwa wazi, na wenzao walikuwa wakipunga mikono. Hapo mlio ukasikika, mkavu, na kijana akaanguka kifudifudi.

Kila mwenye macho aliona. Kasuku naye aliona, kisha akamwona mama, shingo ameinyoosha, anangoja.

"Amejikwaa!" akasema. "Amejikwaa tu, jamani! Dada anamvuta... haya, anainuka... wanaingia! Mlango umefungwa. Wameondoka naye."

Kwenye skrini Mhandisi alikuwa amepiga magoti kwenye matope, kichwa cha kaka yake mapajani. Mwenye bucha, ambaye hakuwahi kuacha kosa lipite bila kupiga kelele, alifungua kinywa, akamtazama mama, akakifunga. Hakuna aliyekohoa. Taa zilipowashwa watu walitoka mmoja mmoja, wakimgusa mama begani.

Walirudi nyumbani wameshikana mikono. Mama akakaa kwenye kiti cha jikoni.

"Umeibadilisha," akasema.

"Nini, mama?"

"Watu hawanyamazi vile kwa mtu aliyepona. Niambie ilivyokuwa."

Kasuku alisimama na sufuria mkononi, asijue pa kuiweka. Mwishowe aliketi sakafuni, karibu na miguu yake, akamweleza, bila kuigiza sauti ya mtu.

"Alimwita nani?" mama akauliza.

"Dada yake."

"Alikufa palepale?"

"Palepale, mama."

"Usinidanganye tena."

"Alikaa kidogo," akasema Kasuku. "Alikuwa anaomba maji."

"Wakampa?"

"Hawakuwa nayo."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Wakamwacha hivihivi?"

"Dada yake alimfunika kwa koti lake."

"Afadhali huyo." Akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa cha Kasuku. "Wangu sijui kama alifunikwa."

Hapo ndipo kilio kilipomtoka. Hakikuwa kilio kikubwa. Kilikuja kwa vipande, kama mtu anayekohoa, kikakatika, kikaanza tena. Kasuku akamshika miguu tu. Mama alipotulia alisema, kwa sauti ya mtu anayepanga shughuli za nyumbani, "Kawaambie watu. Tukae msiba. Nimewafukuza vya kutosha."

Wakakaa msiba usio na maiti wala kaburi. Walikuja majirani wa zamani, waliorudishwa mlangoni enzi zile, sasa wengine wakija na mikongojo. Walikuja watazamaji wa ukumbini, ambao marehemu hawakumjua kabisa. Mwenye bucha alileta nyama na mabenchi yake. Mama aliwapokea wote. "Asanteni," alirudia. "Mwanangu amefariki." Kila alipolitamka neno hilo alisita kidogo, kama anayeonja chumvi.

Watu walipotawanyika, Kasuku na mwenye bucha waliyarudisha mabenchi ukumbini. Walipopanga la mwisho, mwenye bucha alikaa juu yake na kujifuta jasho.

"Tumelia siku zote hizi," akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "na hata sijakuuliza. Kaka yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Kasuku alifungua kinywa. Mtu ambaye hajawahi kukosa neno, ambaye angeweza kumsemea mfalme na mwizi katika pumzi moja, alitafuta na kutafuta. Sura hakuikumbuka. Sauti hakuikumbuka. Yote ambayo angeweza kuyajua yalikuwa kwa mama, na mama alikuwa amekataa kusimulia, maana mtu aliye safarini hasimuliwi.

"Alikuwa akinibeba," akasema mwishowe. "Naikumbuka shingo yake, kwa nyuma. Ilikuwa na joto."

Mwenye bucha alingoja kama kuna zaidi. Alipoona hakuna, alisogea kando, na Kasuku akakaa.