Kidole cha Mchapa Kadi

Dalali wa mashine kuukuu alipoingia mara ya kwanza kwenye karakana ile, alikuja kununua mtambo wa kuchapia kadi. Akautoa kasoro kibao kabla hajaketi. Mwanamke aliyekuwa akiuendesha, ambaye majirani walimwita Mama Wino, alimwacha amalize.

"Mtambo hauuzwi, kaka. Niletee wino wa fedha na plastiki nyembamba. Mvua zikiisha transista zangu hazijakubali, uchukue bure. Zikikubali, tunagawana faida."

Transista zake zilikuwa swichi ndogo za umeme, zikichapwa tabaka juu ya tabaka kwenye lebo za makasha ya dawa, ili lebo ionyeshe dawa ikipata joto. Dalali akakubali upesi. Moyoni mtambo ulikuwa wake tayari.

Akawa anapita kila asubuhi kuchungulia mali yake. Mama Wino alivikaribianisha vistari viwili vya fedha. Umeme ukapita vizuri, lakini swichi ikagoma kuzima. Akaviachanisha kidogo, kisha akabadili utando unaouzuia umeme: akachagua plastiki isiyonywa unyevu, akaupaka mara mbili, kitundu cha mpako wa kwanza kizibwe na wa pili. Swichi zikaanza kutii. Ila karatasi nyingi za plastiki bado zilikufa, kila mara pembeni.

"Ni mvua hizi," Mama Wino alimwambia dalali, bila kumtazama.

Aliyempa Mama Wino karatasi moja moja ni baba yake mzazi, mchapa kadi mzee, kifua kimekwisha lakini kulala hataki. Dalali alimwona akilamba kidole gumba, akiinua ukingo wa plastiki, akilamba tena. Alivyozoea kutenganisha kadi maisha yake yote.

Akamvuta Mama Wino kando. "Mate hayo, dada. Na unajua."

"Najua siku nyingi. Hii kazi ndiyo inayomwamsha asubuhi."

"Mtambo ukiondoka ataamkia nini?"



"Kilichokwisha ni mapafu," mzee akasema nyuma yao. "Masikio bado." Akafuta kidole kwenye shati. "Na wewe dalali, si ungenyamaza uchukue chuma chako?"

"Chuma nakiuza mara moja tu, mzee. Lebo zitauzwa kila mwezi."

Mzee akacheka, akakohoa, akatoka. Hakuingia tena. Alikaa kwenye kiti barazani, mikono mapajani, akiusikiliza mtambo wake ukifanya kazi bila yeye.

Lebo zilikubali. Mzee alizikwa kabla mvua hazijakatika. Mama Wino alibaki na mtambo; dalali anapata fungu lake, na karatasi sasa huinua yeye, kwa kibanio. Kile kiti kiko palepale barazani. Dalali hajakiulizia bei.